Ncha Mbili za Mpaka: Boti Ndogo za Doria na Mstari Unaopita Kajiado

Mwishoni mwa mwaka 2018, Kenya ilizindua mambo mawili ya mipaka ndani ya siku 12. Tarehe 19 Novemba, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa Liwatoni, Mombasa, akizindua Kikosi cha Ulinzi wa Pwani, KCGS. Tarehe 1 Desemba alikuwa Namanga, kaunti ya Kajiado, pamoja na Rais John Magufuli wa Tanzania, wakifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani ambapo msafiri anakaguliwa mara moja tu, upande wa nchi anayoingia. Kwa wakazi wa Kitengela, katika kaunti hiyo hiyo, hafla ya Namanga ndiyo iliyokuwa na maana. Malori ya kutoka Tanzania hupita mbele ya maduka yao usiku na mchana, na saa zinazookolewa mpakani huonekana kwenye bei ya kitunguu sokoni. Ile ya Liwatoni ilichukuliwa kuwa shauri la watu wa pwani.

Mpaka, hata hivyo, ni ule ule. Unaanzia baharini kusini mwa Vanga, unapita Lunga Lunga, Ziwa Jipe na Taveta, unazunguka Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, unafika Loitokitok na Namanga, unateremka Bonde la Ufa kando ya Shompole na Ziwa Natron, kisha unaendelea hadi unapozama Ziwa Victoria. Waingereza na Wajerumani waliugawa mwaka 1886, na hawakumuuliza Mdigo wala Mmaasai. Kajiado imekaa katikati ya mstari huo, kwenye nchi kavu, ambako mpaka una lango, kizuizi na afisa wa kugonga mhuri. Kwenye ncha zake mbili kuna maji tu, na huko serikali huonekana kwa sura moja: boti ndogo yenye askari wanne au watano, injini mbili nyuma, na tangi la petroli ambalo lazima lijazwe kabla ya kung'oa nanga.

Basi swali la boti hizi linamhusu pia mtu asiyewahi kuona bahari. Anayefungiwa mlango Namanga hutafuta dirisha Vanga, na anayezuiwa Vanga hurudi kujaribu njia za panya za Kajiado. Kwa miaka mingi polisi wamekuwa wakiwanasa wahamiaji kutoka Ethiopia katika nyumba za Kitengela na kando ya barabara ya Namanga, vijana wanaoelekea Afrika Kusini kwa kupitia Tanzania. Wenzao hupelekwa Kwale, hupakiwa kwenye mashua usiku na kuvushwa hadi upande wa Tanga. Wasafirishaji hupima tu ni upande gani doria imelegea juma hilo.

Ukubwa wa maji yenyewe haufahamiki vya kutosha bara. Pwani ya Kenya ina urefu wa zaidi ya kilomita 500 kutoka Kiunga hadi Vanga. Maji ambayo nchi ina haki nayo kiuchumi, hadi maili 200 za baharini, ni takriban kilomita za mraba 142,000 kwa hesabu ya Kenya yenyewe. Kaunti nzima ya Kajiado, kuanzia Kitengela hadi Magadi na Amboseli, haifiki kilomita za mraba 22,000. Bahari ya Kenya ni zaidi ya Kajiado sita, bila barabara wala manyatta, bila hata kilima cha kupanda ili kuangaza.

Eneo hilo haliwezi kulindwa na boti ndogo peke yake, na asiwepo wa kudai hivyo. Mwezi Aprili 2014, meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilisimamisha jahazi mashariki ya Mombasa na kukuta kilo 1,032 za heroini zimefichwa kati ya magunia ya saruji. Hiyo ni kazi ya meli kubwa yenye helikopta na chakula cha majuma. Majahazi ya aina hiyo hutoka pwani ya Makran, Iran na Pakistan, na hushusha mzigo mbali na nchi kavu, ambako boti ya mita nane haifiki, na ikifika haiwezi kukaa. Tatizo la Kenya huanza baada ya hapo. Jahazi likishakutana na wenyeji wake, mzigo hugawanywa kwenye boti za faiba na ngalawa, na kila moja huingia kwa mlango wake kupitia mikoko. Kutoka hapo hadi Mombasa mjini, Nairobi au Kitengela, ni safari ya pikipiki na matatu. Bahari kuu ni ya meli, ila kilomita 20 za mwisho ni za boti ndogo, na hizo ndizo zinazoamua kama mzigo utafika mitaani.

Ukitazama pwani wakati wa maji kupwa utaelewa kwa nini. Kati ya kisiwa cha Manda, Lamu, na bara upo mkanda mwembamba wa maji unaoitwa Mkanda, ambao chombo hupita maji yakiwa yamejaa tu. Yakipwa, hata mashua nyepesi hulala kwenye tope. Kusini, kuanzia Gazi hadi Vanga, mikoko imejaa vijito visivyo kwenye ramani ya mtu yeyote isipokuwa mvuvi. Wakati wa bamvua, maji yanapopanda sana, njia hizo zote hufunguka kwa saa chache, kisha hujifunga. Anayefanya magendo hupanga safari kwa kuhesabu mwezi. Chombo cha doria chenye kina kirefu hubaki nje ya miamba, kikisikia mlio wa injini ndani bila kuweza kuufuata. Rada nayo haisaidii sana, kwa sababu boti ya mbao iliyo chini majini haionekani vizuri kwenye kioo chake, na vyombo vidogo havifungwi kile kifaa kinachozitangaza meli kubwa kwa jina na mahali zilipo.

Zanzibar ililijua hilo mapema kuliko majirani. Katika miaka ya 1970, bei ya karafuu waliyolipwa wakulima wa Pemba na serikali ilipokuwa chini sana ya bei ya soko la Mombasa, karafuu zilianza kuvuka usiku kwa mashua kuelekea Shimoni na Vanga. Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, KMKM, kilizaliwa katika mapambano hayo. Kipo hadi leo, kina boti za kasi na kazi ya uokoaji juu ya ile ya zamani. Habari yake ina upande ambao wapangaji wa doria hawapendi kuutaja: karafuu hazikuacha kuvuka kwa sababu ya boti pekee. Kila bei ya ndani ilipoikaribia ile ya nje, safari za usiku zilipungua, na kila ilipoachwa mbali, zilirudi. Kwa sukari inayoingia Kenya kimagendo ni vivyo hivyo. Boti inaweza kuyafanya magendo kuwa ghali, ila kuyamaliza ni kazi ya wanaopanga bei na ushuru.

Kenya yenyewe ilianza na vyombo vidogo. Jeshi la Majini liliundwa tarehe 12 Desemba 1964, miaka miwili baada ya kikosi cha majini cha wakoloni cha Afrika Mashariki kuvunjwa, na meli zake za kwanza kutoka kiwanda cha Vosper, Uingereza, zilikuwa Simba, Chui na Ndovu, kila moja ikiwa na urefu wa karibu mita 31. Baadaye tamaa ya vyombo vikubwa ilikua. Mfano unaouma ni KNS Jasiri, meli ya mita 85. Mkataba wake na kampuni ya kigeni ulitiwa sahihi mwaka 2003, ukaingia katika mizozo ya malipo na tuhuma za ufisadi, na meli ikabaki imefungwa gatini Uhispania hadi ilipofika Mombasa mwaka 2012. Katika miaka hiyo ya kusubiri, hatari kubwa kwa pwani ilikuja kwa boti ndogo.

Ilikuja Lamu. Usiku wa tarehe 11 Septemba 2011, watu wenye silaha walishuka kwenye hoteli moja ya ufuo wa Kiwayu, wakamuua mtalii Mwingereza na kumteka mkewe. Majuma matatu hivi baadaye, tarehe 1 Oktoba, mwanamke Mfaransa aliyekuwa na ulemavu alinyakuliwa nyumbani kwake kisiwani Manda, akatupwa kwenye boti ya kasi na kupelekwa kaskazini. Vyombo vya Kenya viliifuata, ndege ikapaa, risasi zikarushwa, lakini boti ikavuka mpaka wa Somalia. Yule mama alifariki akiwa mateka kabla mwezi haujaisha. Tarehe 16 Oktoba majeshi ya Kenya yalikuwa yamekwisha kuingia Somalia.

Ni vigumu kuutazama mfuatano huo bila kujiuliza kuhusu hesabu yake. Boti moja yenye injini za nyuma, isiyozuiwa katika mwendo wa kilomita zipatazo 100, ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotolewa za vita vilivyoendelea kwa miaka. Haimaanishi kwamba boti tatu za doria pale Kiwayu zingebadilisha historia ya Somalia, maana chanzo cha vita hivyo ni kirefu zaidi. Ila gharama ya kutokuwa nazo ilijulikana siku hiyo, na walioilipa kwa muda mrefu zaidi walikuwa watu wa Lamu.

Kwa sababu hatua iliyofuata ilikuwa marufuku ya kuvua usiku. Kwa aliye bara, marufuku hiyo yaweza kusikika kama amri ya kawaida ya usalama. Kwa mvuvi wa Lamu ilikuwa kukatwa mkono. Jarife, wavu wa kuvulia samaki wakubwa kama nguru na jodari, hutegwa jioni na kuvutwa alfajiri, kwa sababu mchana samaki huuona. Kwa miaka kadhaa familia za Kizingitini, Faza na Kiunga ziliishi kwa kipato cha mchana pekee, wengine wakauza injini zao, vijana wakahamia Malindi na Mombasa. Hasara hiyo ilikuwa pia ya ulinzi wenyewe. Kabla ya marufuku, bahari ya usiku ilikuwa na mamia ya macho: watu wanaojua mlio wa kila injini ya kijiji, wanaoitambua boti ngeni kwa jinsi inavyokata wimbi, na ambao wangeshuku mara moja chombo kinachopita bila taa kuelekea kaskazini. Marufuku iliyaondoa macho hayo majini, na bahari ya usiku ikaachiwa asiyeogopa sheria.

India ina funzo la namna hii. Mwezi Novemba 2008, washambuliaji kumi waliliteka jahazi la wavuvi wa India lililoitwa Kuber, wakasafiri nalo hadi karibu na Mumbai, kisha wakashuka ufuoni kwa boti ya mpira kwenye mtaa wa wavuvi. Wavuvi waliwaona. Waliwauliza ni akina nani, wakajibiwa kwa ukali, na taarifa yao kwa polisi haikuzaa kitu. Watu 166 walikufa katika siku zilizofuata. India ilinunua boti nyingi za kasi baada ya hapo na kujenga vituo vya polisi wa pwani, lakini pia iliwaandikisha wavuvi, ikawapa vitambulisho na kuvisajili vyombo vyao, na katika sehemu mbalimbali za pwani ikawapanga rasmi kuwa wasaidizi wa ulinzi. Kwa kuchelewa mno, serikali iliona kwamba mvuvi aliyeuliza swali ufuoni ndiye aliyekuwa mlinzi wa kwanza wa mji ule.

KCGS ya mwaka 2018 ilikusudiwa kuponya ugonjwa mwingine, wa vyombo vingi vya serikali visivyosikilizana. Kabla yake, jahazi moja lingeweza kuwa jukumu la jeshi, polisi wa majini, mamlaka ya bandari, forodha, idara ya uvuvi na ya wanyamapori, kila mmoja na kipande chake cha sheria, na mara nyingi kila mmoja akisubiri mwenzake. Sheria ya KCGS iliweka jukumu la kila siku mikononi mwa kikosi kimoja chini ya wizara ya usalama wa ndani: kulinda maji ya nchi, kuzuia magendo, dawa za kulevya, usafirishaji wa binadamu na uvuvi haramu, kuzuia uchafuzi wa bahari, na kuokoa watu. Kazi hiyo inahusu pia maziwa. Chombo kilichotangazwa sana siku ya uzinduzi kilikuwa Doria, meli ya kiasi cha mita 54 iliyoundwa Bangladesh na kununuliwa kwanza kwa ajili ya kulinda samaki. Ni chombo kizuri kwa bahari ya kati, ila haiingii Mkanda, na vijito vya Vanga itaviona kwa mbali tu.

Suala la fedha hapa linapaswa kuzungumzwa kwa lita. Boti ya kasi ya doria yenye injini mbili za nyuma, kila moja ya nguvu za farasi 200, ikikanyagwa mafuta yote hula takriban lita 140 za petroli kwa saa. Ikienda mwendo wa wastani hutumia karibu nusu ya hapo. Mwaka 2025 bei ya petroli nchini ilizunguka shilingi 180 kwa lita. Saa moja ya kufukuzana, basi, ni zaidi ya shilingi 25,000. Doria ya saa sita kwa mwendo wa taratibu ni lita 400 na kitu, yaani zaidi ya shilingi 70,000, kabla ya kuhesabu mshahara, chakula na oili. Dereva wa matatu ya Kitengela anayeujua uchungu wa stesheni ya mafuta kila asubuhi atalielewa jambo hili haraka kuliko kamati ya bunge. Kituo chenye boti tatu kikipewa mafuta ya doria mbili kwa juma kitakuwa na boti tatu kwenye picha na doria mbili majini, na wanaofanya magendo huzihesabu doria, si boti.

Petroli ikiwepo, chumvi inasubiri zamu yake. Injini ya nyuma inayotumika baharini inatakiwa kusuuzwa kwa maji baridi kila inaporudi, kubadilishwa oili kwa saa zilizopangwa, kuangaliwa pampu ya maji, plagi na vile vipande vya zinki vinavyoliwa na kutu badala ya chuma chenyewe. Pasipo hayo, injini ya mamilioni huanza kukohoa kabla ya miaka miwili. Vituo vingi vya pwani vina shida ya maji baridi ya kunywa, sembuse ya kusuuza injini. Isitoshe, boti nyingi za ukanda huu zimekuja kama zawadi. Marekani iliikabidhi Kenya boti kadhaa za kasi mwaka 2006, na nyingine zikafuata baadaye, na wahisani wengine wametoa zao kwa nyakati tofauti. Kila zawadi huja na aina yake ya injini na vipuri vyake, na fundi aliyefunzwa ya kwanza huanza upya kwa ya pili. Hafla ya kukabidhi huwa na bendera na hotuba. Mwaka wa nne, plagi zinapoisha, haji mhisani wala mwandishi wa habari.

Hapo ndipo kipaumbele kimepotea. Kenya haina upungufu mkubwa wa mawazo kuhusu bahari yake, wala haikosi watu hodari: makomando wa majini wa Kenya wamefunzwa na wenzao wa Uingereza, na mwezi Novemba 2023 walimwonyesha Mfalme Charles kazi yao ya kushuka ufuoni pale Mtongwe. Meli kubwa zitahitajika kila mara kwa majahazi ya heroini na meth yanayotoka mbali. Lakini shilingi inayofuata ya ulinzi wa mpaka wa maji ingefaa kuanza kwa mambo madogo yasiyopigwa picha: tangi la mafuta na mfereji wa maji baridi pale Vanga, Shimoni, Kizingitini na Kiunga, fundi anayelala kituoni, na boti za aina moja ili kipuri cha kituo kimoja kifae kingine.

Kusini, uhusiano wa watu ni mgumu kuutawala kwa boti hata zikiwa na mafuta. Kila msimu wa kaskazi, upepo unapokuwa mzuri, wavuvi wa Pemba huja pwani ya Kenya kwa dago. Hupiga kambi Shimoni, Msambweni, Kilifi, Malindi na hata mbele zaidi, huvua kwa miezi, huuza samaki kwa wenyeji, wengine huoa, kisha hurudi kusi likianza. Babu zao walifanya hivyo kabla ya Vanga kuwa Kenya na Jasini kuwa Tanganyika. Leo mvuvi huyo huyo anatakiwa kuwa na hati ya kusafiria, leseni na idhini ya kamati ya ufuo, na asipokuwa nazo askari wa doria humwona kama mhalifu. Mara nyingine magomvi huwa ya kweli, hasa kuhusu nyavu za kufunga ambazo wavuvi wenyeji wanalalamika kuwa zinakomba samaki wachanga. Hata hivyo, mtu wa dago na msafirishaji wa wahamiaji hutumia maji yale yale usiku ule ule, na askari mgeni kutoka bara hana njia ya kuwatofautisha. Mwenyekiti wa ufuo anaijua tofauti, kwa jina na kwa ukoo.

Mmaasai wa Kajiado hahitaji kufafanuliwa hili. Ng'ombe wa Ilbissil wamevuka kwenda malisho ya Longido na kurudi kabla ya pasipoti kubuniwa, na msiba upande mmoja huwaleta wa upande wa pili. Namanga imefaulu kwa kiasi kikubwa kwa sababu ilikubali kwamba watu wa pande mbili ni jamaa, kisha ikaweka maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja ili ukaguzi uwe wa pamoja. Lunga Lunga na Horohoro pana kituo kama hicho, umbali mfupi tu kutoka baharini. Kwenye maji hapana. Mvuvi wa Jasini anayepelekwa na mkondo hadi Vanga huangukia mikononi mwa nchi moja tu, na kesi yake huanza kama ya uvamizi.

Lililo la ajabu ni kwamba kisheria Kenya na Tanzania hazina ugomvi baharini. Zilikubaliana juu ya mstari wao kwa barua zilizobadilishwa mwaka 1975 na 1976, na mwaka 2009 zikatia sahihi mkataba wa kuuendeleza hadi maji ya mbali. Linganisha na kaskazini. Somalia iliishtaki Kenya katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2014 kuhusu pembetatu ya bahari yenye zaidi ya kilomita za mraba 100,000. Hukumu ya tarehe 12 Oktoba 2021 ilichora mstari mpya ulioipa Somalia sehemu kubwa ya eneo hilo, na Kenya ikaikataa. Kaskazini boti ya doria hubeba mzigo wa kisiasa kila inapovuka alama isiyokubaliwa. Kusini hakuna sababu ya namna hiyo. Doria ya pamoja ya Kenya na Tanzania kati ya Shimoni na Tanga, yenye boti ya nchi moja na maafisa wa nchi zote mbili ndani yake, haihitaji mahakama wala mkataba mpya wa mpaka. Inahitaji makubaliano ya kazi na redio zinazosikilizana.

Ncha ya pili ya mstari, Ziwa Victoria, inaonyesha mambo yanavyokuwa pasipo makubaliano hayo. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa hilo, Tanzania na Uganda zikigawana lililobaki, na sangara hajui asilimia. Kuanzia mwaka 2004, polisi wa Uganda walipoingia Migingo, kisiwa kidogo cha mwamba kilichofunikwa kwa mabati kutoka ukingo hadi ukingo, boti za doria zikawa ndizo zinazosema kisiwa ni cha nani. Mwaka 2009 Rais Yoweri Museveni alikubali kwamba mwamba wenyewe uko Kenya, lakini akashikilia kuwa maji yaliyo karibu nao ni ya Uganda, jibu ambalo kwa mvuvi halina tofauti na kunyang'anywa kisiwa, maana hakuna anayevua mwamba. Uganda ilipowakabidhi wanajeshi doria ya ziwa mwaka 2017, samaki wachanga walipata nafuu kwa kiasi fulani, ila wavuvi wa Kenya kutoka Busia, Siaya na Homa Bay waliendelea kulalamika juu ya kukamatwa, faini na injini kuchukuliwa. Samaki anayeuzwa jioni kando ya barabara Kitengela mara nyingi amepita katika magomvi hayo kabla ya kuingia kwenye karai la mafuta.

Kuna dalili njema. Kenya Shipyards Limited, shirika la serikali lililoundwa mwaka 2020, limejenga meli ya mizigo MV Uhuru II huko Kisumu, na lina uwanja mwingine wa kuunda na kukarabati vyombo Mtongwe. Nchi inayoweza kuchomelea meli ya mizigo inaweza kuunda bodi ya boti ya doria ya mita kumi, tena ya umbo moja kwa ziwa na bahari. Injini itabaki ya kununuliwa nje kwa muda mrefu, na hilo si aibu, mradi awepo anayeweza kuifungua na kuirudisha. Chuo cha Bandari cha Mombasa kiligeuzwa kuwa Bandari Maritime Academy mwaka 2018 huo huo, na kozi za injini za majini ndizo zinazofaa kupewa nafasi nyingi zaidi kuliko sasa, na ufadhili wake kufika mbali na pwani. Kajiado ina vijana waliomaliza vyuo vya ufundi na kukosa kazi, wanaofungua injini za pikipiki na malori kila siku kwenye gereji za Kitengela. Mafunzo ya miezi michache ya injini za nyuma, na mkataba wa miaka mitatu katika kituo cha Kiunga au Vanga, vingewapa kazi wao, na vingeipa doria mtu wa kuisuuza injini jioni na kuiwasha saa nane usiku bamvua linapoingia.